Bapa Lisilo na Mpini

Wanaosema majini hupenda usiku ni watu wenye bahati zao; hawajawahi kutembelewa na jini la mchana. Lile lililoingia kwa Mzee Kinoo lilikuwa na saa zake kama karani wa ofisini. Lilikuja saa nane, jua likiwa limekaa juu ya bati, watu wamekwisha kula na mtaa mzima umelala.

Lakini dalili ya kwanza ilikuwa ndogo, na ilikuja asubuhi. Mzee Kinoo alikuwa mnoa visu na muuza visu vya wawindaji, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila jioni alipanga visu vya wateja kwenye sinia la mbao, kila kimoja kimefungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe. Jumapili alipanga vinane. Jumatatu alipofungua duka, vilikuwa tisa.

Cha tisa hakikuwa na kitambaa wala mpini. Kilikuwa bapa tupu, refu kidogo kuliko shubiri, limelowa umande, butu kama kijiko, na lilinuka udongo wa porini na jasho la mnyama. Pale kwenye shingo, bapa linapoingia mpinini, chuma kilikuwa kimekatika. Juu kidogo ya mkato kulikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa msumari.

Nukta hizo alizigonga yeye mwenyewe, miaka saba nyuma, asubuhi ya harusi ya mwanawe.

Mtu mwenye akili timamu angetoka nje akiita majirani. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, akachota maji, akalilowesha jiwe, akaanza kunoa. Usimcheke. Aliyefiwa na mwana wa pekee hatafuti la busara. Hushika lile ambalo mikono yake inalijua. Alinoa mpaka makali yakashika unyoya uliodondoshwa hewani, akalipangusa bapa kwa kitambaa safi, akaliweka peke yake ukingoni mwa dirisha. Alasiri alipoamka usingizini, bapa halikuwepo. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Mwanawe alikuwa mwindaji, na alikuwa amekufa miezi minane iliyopita. Wenzake walisema alimjeruhi nguruwe mwitu dume, mnyama akageuka na kumjia, naye akamchoma kwa kisu chake mpaka mwisho. Kisha kisu kikavunjika. Nguruwe alikimbilia vichakani na bapa mwilini, wala hakuonekana tena. Wenzake walipomfikia kijana alikuwa amekwisha kata roho, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imeukamata mpini kiasi kwamba iliwabidi wamkunjue kidole kimoja kimoja.

Mpini huo ulikuwa ndani ya droo ya Mzee Kinoo, umeviringishwa kwenye fulana ya marehemu. Ulikuwa wa pembe nyeusi, na ulipendeza kweli.

"Kiligonga mfupa," alimwambia mkwewe, mjane wa marehemu, siku ya msiba, na aliendelea kumwambia kila alipouliza. "Kikigonga mfupa, mwanangu, hata kisu cha mfalme kinavunjika. Ndiyo ilikuwa siku yake."

Mkwewe aliitikia kwa kichwa. Alibaki kuishi na mzee katika nyumba ileile, pamoja na binti yake wa miaka mitano, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa vile hakuwahi kunyamaza tangu ajue kusema.

Jumanne bapa lilikuwa kwenye sinia tena. Lilikuwa limelowa, limekuwa butu, na sehemu moja limegandwa na mafuta meupe ya mnyama. Mzee akalinoa. Jumatano likarudi. Kwa siku kumi na moja mfululizo alilinoa asubuhi, likapotea mchana, likarudi alfajiri limechoka.

Na lazima tuseme ukweli: alifurahi. Alijiambia kuwa mwanawe yuko mahali fulani anawinda, na kwamba bado anamhitaji baba. Alianza kumaliza chakula chake. Siku moja alisikika akipiga mluzi akiwa anaoga.

"Leo baba una raha zako," mkwewe alimtania. "Umeona mchumba?"

"Mchumba wa nini na meno haya," akajibu, wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka tangu msiba.

Ila mkwewe alikuwa na pua. "Kuna kitu kinanuka hapa dukani," alisema. "Kama zizi. Kama mnyama aliyelala."

"Ni ngozi za ala," mzee akasema, akageukia kazi.

Siku hiyohiyo alikuja dereva wa lori aliyetaka kisu chake cha kwanza cha kuwindia. Aliokota kimoja cha kukunja.

"Hicho nenda kamenyee machungwa," Mzee Kinoo akamwambia. "Porini usichukue kisu chenye bawaba, kitakukunjia vidole. Chukua kisichokunjwa. Halafu usitongozwe na mpini. Wateja wote wananunua mpini, kama mtu anayeoa nguo. Uliza kilicho ndani. Chuma kina mkia, na mkia huo uzame mpinini mpaka mwisho kabisa. Ukiwa mfupi, siku utakayokandamiza kwa nguvu zako zote ndiyo siku kitakayokuacha."

"Sasa mzee, nitajuaje na umefunikwa?"

"Kilaze kwenye kidole kimoja, hapa shingoni. Kikitulia, mkia upo. Kikianguka upande wa bapa, mpini ni mtupu. Kirudishe ulikokitoa."

Alipoinua macho alimwona mkwewe amesimama kwenye mlango wa ndani, ana beseni mkononi, anasikiliza. Mzee akakohoa, akamalizia somo kwa sauti ya chini. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini hawakusema jinsi kinyozi anavyolala usiku.

Siku ya kumi na mbili Chiriku alikuja kumkalia babu yake mapajani ili amsimulie mambo ya paka wa jirani. Mzee akaushika mkono wake wa kushoto, akaona kitu. Vinyweleo laini vya mkono wa mtoto, vile ambavyo huonekana juani tu, vilikuwa vimenyolewa. Kipande cha upana wa dole gumba kilikuwa kitupu na kinang'aa.

Mwanawe alikuwa na mazoea hayo. Kila baada ya kunoa, alijaribu makali kwa kunyoa kipande cha mkono wa kushoto, hata mkono ule ukawa hauna kinyweleo mwaka mzima.

"Nani amekunyoa?"

"Baba."

"Lini?"

"Wakati wa kulala mchana. Alikuwa anajaribu kisu." Chiriku alichezea kifungo cha shati la babu. "Lakini hajaja wote. Kimekuja kisu tu na harufu. Hana mikono, babu. Ndiyo maana anaazima yangu."

Mzee akaugeuza mkono ule kwenye mwanga, akautazama tena.

"Kasema bado hakijakolea," mtoto akaendelea, kama anayehadithia habari za shuleni. "Kesho atajaribu hapa." Akainua kidevu, akagusa koo lake kwa kidole.

Hapo furaha ya siku kumi na mbili ilimtoka mzee yote. Mwanawe alikuwa na mikono. Mwanawe angekatwa yeye kabla ya kumkwaruza mtoto huyu ukucha. Alichokuwa akikinolea kisu kila asubuhi kwa upendo wote ule hakikuwa mwanawe.

Kesho yake bapa liliporudi hakulinoa. Alilifungia ndani ya sanduku la chuma, akafunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Ilipofika saa saba na nusu alimwambia mkwewe alale na mtoto, amkumbatie, wala asimwachie hata kwa kwenda kunywa maji.

"Kuna nini, baba?" mkwewe akanong'ona.

"Hakuna kitu. Lala naye tu."

Yeye mwenyewe alikaa ukumbini kwenye kiti, macho kwenye mlango wa duka, ameapa kutosinzia. Mtaa ukatulia. Bati lilikuwa likilia kwa joto, ta, ta, kisha likanyamaza. Harufu ikaja, ya udongo uliochimbuliwa na manyoya yaliyolowa, nzito, ya joto, kama mnyama mkubwa amelala nyuma ya kiti na anapumua. Ndipo akasikia kutoka dukani sauti aliyoisikia maisha yake yote, shwaa, shwaa, shwaa, chuma kikienda na kurudi juu ya jiwe lililolowa, taratibu, bila haraka, kwa mlalo uleule ambao mwanawe alipenda kukilazia kisu, na akajua kabla ya kuinuka kwamba si mwanawe anayenoa na hakuna mtu mwingine duniani anayenoa hivyo, na akainuka, na hatua tano za kufika mlangoni zikawa ndefu kama njia ya makaburini, mpaka akashika kitasa, akasukuma, akaona.

Sanduku lilikuwa wazi, kufuli likiwa bado limefungwa. Chiriku, ambaye mzee hakumwona akipita, alikuwa amepiga magoti kwenye kigoda cha babu yake, macho amefumba, mdomo umefumba pia, yeye asiyejua kunyamaza. Mikono yake miwili midogo ilikuwa imeshika bapa na kulinoa kama fundi wa miaka thelathini. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alimaliza, akalipangusa kwenye gauni lake, akainua kidevu, akalileta bapa shingoni.

Mzee Kinoo alilidaka kwa kiganja, upande wa makali. Damu ikamtiririkia mtoto kifuani. Chiriku akafumbua macho akalia kwa sauti yake mwenyewe, na mama yake akaja mbio, nywele timtim, akasimama akitazama damu, bapa, na zile nukta tatu. Yeye pia alizifahamu.

"Kimefikaje hapa?" akauliza polepole. "Baba. Kisu cha mume wangu kimefikaje hapa?"

Jioni hiyo walimwita mwanamke mmoja aliyeshona magodoro mtaa wa tatu. Alikuwa mnene, ana kikohozi, na pamba zilimganda kwenye nyusi siku zote. Magodoro ndiyo yalimpa ugali. Majini aliyatibu kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hakuna mwingine aliyekubali. Aliingia dukani akanusa mara moja tu.

"La porini hili," akasema. "Halina jina wala mwili. Limemkuta mnyama amekufa na chuma tumboni. Lakini chuma kitupu si nyumba. Jini halikai mahali patupu." Akamgeukia mzee. "Ndani ya hiki kisu kuna neno limefichwa. Humo ndimo linamolala. Na wewe umekuwa ukilitandikia kila asubuhi."

"Nipe dawa," mzee akasema. "Ya kuchoma, ya kunywa, yoyote."

"Dawa unayo mdomoni. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio chako cha pili kinakuja, kimevaa gauni la njano." Alimwonyesha Chiriku kwa kidevu. "Sema neno lenyewe, mbele ya yule uliyemficha. Kisha uyaue makali kwa mkono wako. Mimi nitashika mtoto tu."

Mzee Kinoo alifungua droo. Akatoa mpini wa pembe kutoka ndani ya fulana, akauweka juu ya meza karibu na bapa. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kimekwisha lowa. Alimtazama mkwewe, akaona kwamba anaweza kumpoteza huyu na mtoto wake jioni hii hii, na kwamba asiposema atampoteza mtoto kwa njia nyingine.

"Mwanangu," akasema, "kisu hakikugonga mfupa."

Mkwewe akautazama ule mpini.

"Kililetwa na mchuuzi wiki ya harusi yenu. Nilikilaza kwenye kidole. Kikaanguka mbele. Mkia wake ulikuwa mfupi kama dole gumba, mpini wote ni pambo. Nilijua palepale."

"Ulijua."

"Nilijua. Lakini yeye alikuwa amekwisha kukipenda, anakigeuzageuza juani, anacheka. Nikasema, nisimharibie siku, nitambadilishia baada ya harusi. Ikawa mwezi. Ikawa mwaka. Halafu nikasahau." Akatikisa kichwa. "Hapana. Sikusahau. Kila msimu aliniletea nikinoe, na kila nikikishika nilikumbuka. Niliona aibu kumwambia kwamba baba yake, bingwa wa kuchagulia watu visu, alimpa kisu kibovu kuliko vyote. Nikawa namnolea zaidi. Hakuna kisu nilichokinoa vizuri kama kile."

Mkwewe alikuwa amejishika ukingo wa meza. Alipoongea, alikuwa akinong'ona.

"Miezi minane nimemlaumu yeye. Nilisema alikurupuka. Nilisema hakutuwaza, alitaka sifa mbele ya wenzake. Nimelala kitandani kwake nikimtukana. Nimemtukana maiti, baba, na wewe uko chumba cha pili, unanisikia nalia, unaniambia mfupa."

"Nilikusikia."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Mkwewe akaweka uso kwenye mikono, akalia. Mzee naye alilia, machozi yakimwingia ndevuni, lakini mshona magodoro hakumpa nafasi. "Sasa," akasema. "Sasa hivi, wakati bado halina mahali pa kujificha."

Mzee Kinoo akachukua bapa. Badala ya kulilaza alilisimamisha wima juu ya jiwe, makali chini, na akasukuma. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukifanyia kisu chochote kitendo hicho. Kilipiga yowe. Lilianza kama chuma na likaishia kama nguruwe, na mwisho kabisa lilikuwa sauti ya kijana, "Baba, baba, kinaniacha," na mzee akafumba macho, akasukuma, akarudisha, akasukuma, mpaka sauti ikawa mkwaruzo mtupu na mkono wake ukaloa damu mpaka kwenye kiwiko. Harufu ikapita mlangoni kama mtu anayetoka. Chiriku, mapajani pa mshona magodoro, akapiga chafya na kuuliza kama kuna mtu amempa paka maziwa.

Walipoangalia sinia, visu vyote vya wateja vilikuwa vimekuwa butu.

Kabla ya kuondoka, yule mama alimvuta mzee pembeni. "Katupe bapa mtoni. Mpini uchome. Litarudi mara moja kukuomba makali, mara moja tu. Ukilinyima, limekwisha. Ukilipatia, basi safari hiyo ni wewe umeliita, na mimi sitakuja."

Bapa alilitupa mtoni asubuhi yake. Mpini alikaa nao jikoni muda mrefu, moto unawaka, kisha akaurudisha kwenye droo.

Mkwewe aliondoka siku ya nne kwenda kwa wazazi wake. Hakuondoka kwa fujo. Alifua mashuka, akayaanika, akamwachia mzee chakula cha siku mbili. Mlangoni akasimama na sanduku lake.

"Ungeniambia siku ile ya msiba, ningekusamehe siku ileile," akasema. "Sasa sijui nianzie wapi. Si kwamba sitaki, baba. Sijui pa kuanzia."

"Mtoto utamleta kunisalimia?"

"Ndani ya nyumba hii? Hapana."

Chiriku alimpungia mkono mpaka kona, akiendelea kuongea, na hata alipopotea mzee aliendelea kuisikia sauti yake kidogo. Kisha hakuisikia.

Wiki tatu zilipita. Wateja walikuja, wakachagua, wakaenda. Mzee Kinoo hakutoa tena somo la kidole. Aliwachagulia tu, kimya, visu vya mkia mrefu. Alikula alipokumbuka. Siku zingine saa nane ilimkuta dukani, saa nane nyingine ikamkuta ukumbini amekaa kwenye kile kiti, na nyumba ilikuwa kimya namna ambayo aliyewahi kuishi na Chiriku hawezi kuizoea.

Alhamisi moja aliamka usingizini mchana, mkono wa kushoto unamwasha. Akaupeleka dirishani. Kipande cha upana wa dole gumba kilikuwa kimenyolewa, safi, bila mkwaruzo. Ule ulikuwa unyoaji wa mtu anayempenda anayemnyoa, au wa kitu kilichojifunza kuiga hivyo.

Akaenda dukani. Kwenye sinia, pembeni mwa visu vya watu, bapa lilikuwa limelala, limelowa tope la mtoni. Nukta tatu zilikuwa juu.

Alikumbuka kila neno la mshona magodoro. Alijua vizuri kabisa kwamba si mwanawe; hilo hakuhitaji kuambiwa. Alijua pia kwamba katika nyumba ile sasa hapakuwa na mkono wa mtu mwingine wa kuazima. Palikuwa na wake tu.

"Umelowa," akasema kwa sauti ndogo. "Utashikwa na kutu."

Akafungua droo, akautoa mpini kwenye fulana, akauweka mezani. Akachota maji, akalilowesha jiwe. Kisha akaketi kwenye kigoda, na kabla ya kuanza, akakunja mkono wa shati, wa kushoto, mpaka juu ya kiwiko.